Kakakuona na Kasuku Aliyejinyonyoa

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo sauti ya watu waliolala. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa mmefika.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na milango, palikuwa na Kakakuona. Mpole, msafi, na mwenye haya kupita kiasi. Ukimwambia "Hujambo?", anajikunja, kunju! Anakuwa duara kama mpira. Utangoja jibu mpaka uchoke.

Siku moja shangazi yake alihamia ng'ambo ya mto. Akamletea tundu, na ndani ya tundu, Kasuku. Mwili rangi ya majivu, mkia mwekundu pyu.

"Nitunzie, mwanangu. Nikishajenga nitakuja kumchukua."

Kakakuona akaitikia kwa kichwa.

Basi akamtunza. Asubuhi maji, mchana karanga, jioni papai. Akafagia chini ya tundu, fya! fya! fya! Akabadilisha maji, akafagia tena. Lakini neno? Hata moja hakusema.

Siku ya kumi Kasuku akageuza shingo, akang'oa unyoya wake mwenyewe. Nyofu! Kesho yake, nyofu! Keshokutwa, nyofu! nyofu! Kifua kikabaki kitupu, kama cha kuku aliyenyonyolewa.

Kakakuona akawaza: Atanifia huyu! Nitamwambia nini shangazi?

Akayaokota yale manyoya, akaenda nayo kwa jirani yake Ngiri. Hakusema kitu, alimwonyesha tu. Ngiri akayanusa.

"Njaa hiyo! Mwongeze chakula."

Akaongeza. Kasuku akakitupa chote chini, pa! pa! pa! Kisha, nyofu!

Akaenda kwa Nguchiro. Nguchiro hata hakutazama vizuri.

"Wadudu hao! Mwogeshe."

Akamwogesha. Kasuku akajikung'uta, akatulia. Kakakuona akashusha pumzi. Nyofu!

Siku hiyo hiyo Kakakuona akawa anabeba mtungi, macho yote yako kwenye kile kifua kitupu. Mtungi ukamponyoka. Pu! Juu ya kidole cha mguu.

"Mama weee! Kidole changu!"

Mara sauti kutoka tunduni:

"Mama weee! Kidole changu!"

Kakakuona akataka kujikunja, lakini kicheko kikamwahi. Akacheka huku ameshika mguu, machozi yanamtoka.

"Kumbe unasema!"

"Kumbe na wewe una mdomo, dada! Siku zote hizi nadhani nalishwa na mpira."

"Lakini nilikupa kila kitu! Karanga, papai..."

"Tumbo lilishiba, masikio yakalala njaa. Sisi kwetu tunaishi makundi makundi, kelele kutwa. Hapa nasikia ufagio tu. Na mdomo wangu hauna cha kutafuna, nikatafuna manyoya yangu."

Kakakuona akainamisha kichwa. "Nisamehe. Naona haya kusema."

"Anza na neno moja. Sema, umeamkaje?"

"U... umeamkaje?"

"Salama, dada! Na wewe?"

Toka siku hiyo mlango wa tundu ukawa wazi. Kakakuona akaleta vijiti vibichi, Kasuku akatafuna, kwaru! kwaru! Asubuhi salamu, mchana vitendawili, jioni ubishi wa nani kala papai zaidi. Ngiri akalalamika kwamba nyumba ile imekuwa soko. Na vinyoya vikachipua, kimoja leo, viwili kesho, mpaka kifua kikafunikwa.

Ndipo shangazi akarudi.

"Mwanangu, nyumba imekwisha. Nimekuja kumchukua Kasuku."

Kakakuona akahisi mgongo unapinda. Kun... Akajizuia. Akasimama wima.

"Shikamoo, shangazi. Nampenda, naomba abaki. Lakini aulizwe mwenyewe anataka nini."

Shangazi akashika mdomo. Tangu Kakakuona azaliwe, hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Kasuku akaruka, purrr! Akatua begani kwa Kakakuona.

"Mimi nikiondoka, shangazi, huyu atabishana na nani?"

Shangazi akacheka mpaka akaketi chini. Akamwacha Kasuku, akaondoka na papai.

Enyi mnaofuga, na enyi mnaoishi na watu, sikieni: kumtunza kiumbe si kumjaza tumbo peke yake. Aliyeshiba bila wa kusema naye, bado ana njaa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, mgeukieni wa pembeni yenu, mmsalimie.