Gitaa Lililojifunza Kuitikia

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na yule jogoo aliyefungwa miguu pale kwenye mahindi ya sadaka, naona ameamua kuhubiri pamoja nami leo. Mwacheni. Yeye naye ameletwa kushukuru, ingawa sidhani kama ameelezwa vizuri.

Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja, katika mji wa huku kwetu juu penye baridi. Sasa ninyi watu wa hapa hamhitaji kufundishwa habari za nyimbo za kantri. Nawajua. Mnakamua ng'ombe huku redio imening'inia bomani, na anayeimba humo analilia farasi ambaye hamjawahi kumwona. Basi huyu bwana alizijua zote, za kantri na za bluzi. Alianza na gitaa la bati lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, baadaye akapata la umeme, na alipolipata, jamani! Vidole vilikwenda mpaka macho yako yakachoka kuvifuata.

Kila bendi ilimtaka. Na kila bendi, baada ya muda mfupi, ilimwambia kwaheri. Mnajua kwa nini? Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, wala hakuchelewa mazoezi. Taabu yake ilikuwa moja tu: mwimbaji akifungua kinywa, yeye alikuwa ameshafika. Mwimbaji akisema "mama", gitaa limeshapita kwa mama, limeshapita kwa shangazi, liko njiani kwenda kwa bibi. Watu walimpigia makofi kweli, lakini hakuna aliyerudi nyumbani akijua wimbo ulisema nini.

Mwishowe akakosa pa kupiga, akachukuliwa na mama mmoja mwimbaji aliyekuwa na bendi yake mwenyewe. Mama mkali huyo. Aliimba mkoba ukiwa kiwikoni, maana alisema katika bendi nzima hamna mtu wa kumshikia. Siku ya kwanza ya mazoezi akaimba ubeti mmoja, akainua mkono, bendi ikanyamaza.

"Baba," akamwambia, "nimeimba nini?"

Jamaa akatazama dari. "Umeimba... ule wimbo wa kwanza, Mama."

"Nimeimba kwamba nimemzika mume wangu. Na wewe hapo nyuma ulikuwa unakimbiza kuku."

Mnacheka. Chekeni tu, zamu yenu inakuja.

"Sasa nifanyeje, Mama? Ninyamaze?"

"Sijakuambia unyamaze. Nataka unisikilize. Mimi nikisema, wewe unaniitikia. Nikikuita jina lako, utaitika kabla sijamaliza kulitaja? Na uitikie nililosema mimi, sio lile ulilokuja nalo kutoka nyumbani."

Yalimchoma maneno hayo. Angekuwa na bendi nyingine ya kukimbilia, angekimbilia. Lakini hakuwa nayo, na leo namshukuru Mungu kwa niaba yake kwamba hakuwa nayo. Akabaki. Akaanza kusikiliza. Mwanzoni ilikuwa kazi ngumu, vidole vinawasha, anavizuia. Taratibu akaanza kugundua kwamba yule mama akimaliza mstari huacha nafasi ndogo, anavuta pumzi, na nafasi hiyo ilikuwa yake. Hapo ndipo alipoingia.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mama huyo alimtungia mama yake aliyemzaa. Akiimba, "Uliamka kabla ya jua, Mama," gitaa linaitikia kwa sauti nyembamba, ya alfajiri. Akiimba, "Ukalima shamba la watu," gitaa linashuka chini, zito. Na akifika pale pa, "Jioni ukatugawia, ukasema umeshiba," gitaa lilitoa noti chache tu, polepole, na watu wazima na ndevu zao walitoa leso.

Miaka ikaenda. Jina la mpiga gitaa likavuma kuliko alivyowahi kuota alipokuwa akikimbiza kuku. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye studio kutoka mji mkuu. Akamvuta kando.

"Nataka nikuundie bendi. Bendi yako. Picha yako mbele, jina lako juu. Nitakuja kwenye maonyesho ya kilimo niwasikilize. Siku hiyo jionyeshe, nikuone wewe."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo ndoto yake tangu siku za waya wa breki. Mngemlaumu akiitaka? Mimi simlaumu.

Siku ya maonyesho ikafika. Mchana mweupe, uwanja umejaa. Watu wametoka kuangalia ng'ombe wa maziwa, wamekaa kwenye nyasi, na yule bwana wa studio amekaa kiti cha mbele kabisa. Yule mama alikuwa anaumwa koo, siku nyingi sasa, lakini ulikuwa mji wake, akasema ataimba. Akaanza ule wimbo wa mama yake. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Ubeti wa pili akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Pumzi tupu. Akajaribu tena. Hakuna. Akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili, akasimama pale mbele ya watu waliomjua tangu akiwa msichana.

Wengine wakaanza kucheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Gitaa! Tupe gitaa!" Wengine wakapokea, "Gitaa! Gitaa!" Na yule bwana wa studio akasimama kabisa kutoka kitini.

Nawauliza, ungekuwa wewe, ungefanya nini? Semeni kweli, tuko kanisani. Wengine wetu tungepiga solo mpaka nyuzi zikatike, na Jumapili tungekuja hapa mbele na ushuhuda: "Wapendwa, Bwana amenifungulia mlango!" Mlango gani, ndugu? Koo la mwenzako limefungwa, wewe unaita mlango?

Yule mtu aligeuka, akawapa mgongo waliokuwa wakimwita, akamtazama mama. Akapunguza sauti ya gitaa lake. Akawaashiria wa dramu na wa besi waendelee. Kisha akaacha mstari wa mama upite mtupu, wote, kama alivyouacha siku zote. Ulipofika mwisho, akaitikia. Sauti ile nyembamba, ya alfajiri. Mstari wa pili ukapita mtupu. Akaitikia, chini, zito.

Uwanja ukanyamaza. Akaacha mstari wa tatu. Na pale karibu na jukwaa kulikuwa na mama mmoja anachoma mahindi, upepeo wa moto mkononi. Yeye akaimba, peke yake, wala hakujua kama anaimba: "Jioni ukatugawia, ukasema umeshiba."

Gitaa likamwitikia.

Mnaona kilichotokea? Alikuwa ameitikia kwa uaminifu miaka yote hiyo, hata watu wakisikia jibu tu, wanajua lililosemwa. Ubeti uliofuata uliimbwa na uwanja mzima, na waliocheka wakiwemo. Mama alisimama katikati, mdomo umefungwa, machozi yanatiririka, mkono mmoja unaelekeza wimbo wake.

Walipomaliza, bwana wa studio akaja, uso umekunjamana. "Nilikuambia ujionyeshe. Sijasikia solo hata moja."

"Wimbo umeusikia?"

"Nimeusikia wote."

"Basi namshukuru Mungu," akasema yule mtu. Bwana akaingia garini akaenda zake, na ile bendi ya jina lake haikuundwa kamwe.

Mama akamsogelea. Sauti hana. Akaweka mdomo karibu na sikio lake, akanong'ona, "Baba, nimeimba nini?"

Na yeye, ambaye siku ya kwanza alitazama dari, akamtajia. Mstari kwa mstari, wote, mpaka pale pa kushiba.

Sasa ni zamu yetu. Mungu amesema nasi mwaka huu. Amesema kwa mvua, amesema kwa mtoto aliyepona, amesema kwa mlo wa jana. Na sisi? Hata hajamaliza, tumeshaingia na ombi jingine! Tunamwendea na yale tuliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kushukuru ni kuitikia, na hakuna anayeitikia kama hakusikia.

Najua pia wako wenzetu ambao mvua ya mawe iliwachukulia kila kitu, na nyumbani kwao mwaka huu kulikuwa kimya. Sisemi Mungu huumwa koo. Lakini kuna siku hatumsikii. Leo asubuhi kuna mama ameingia hapa mikono mitupu, shamba lake lote lilipigwa, na ndiye aliyeanza kuimba wimbo wa shukrani kabla ya kwaya. Mama, sikutaji. Nilisikia ukiitikia tu, nikakumbuka mambo yote ambayo Mungu aliniambia mimi, nikaimba.

Kwa hiyo kabla ya kuleta sadaka, tunyamaze kidogo. Msiwahi. Kwa sababu iko siku Mungu atatusogelea, kila mmoja kwa wakati wake, naye atauliza taratibu, sikioni: "Mwanangu, nilikuimbia nini?"

Usije ukatazama dari.