Kiboko, Hadubini na Kifungu cha Tano

"Nije?"

"Njoo!"

"Nije na nini?"

"Na uongo wako mtamu!"

"Nikipotea njiani?"

"Tutakurudisha!"

Haya, mnirudishe kweli, maana hadithi hii hunichanganya mimi mwenyewe. Nimeisimulia mara tisa, na mara zote tisa nimepotea palepale, kwenye vifungu. Mwajabu, endelea kuchambua hayo maharage, kuchambua hakuhitaji masikio. Na asiniambie mtu kwamba ukisimulia hadithi mchana unaota mkia. Nimefagia maabara ya watu miaka kumi na moja, nimeosha vichupa vya kila uchafu mnaoujua na msioujua, na mkia sijaota. Niuote leo kwa ajili ya Kiboko?

Basi. Palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa walipiga kambi watu wa maabara. Kazi yao ilikuwa kuchungulia. Wanachota maji, wanachungulia. Wanaokota kinyesi, samahani kwa wanaokula, wanachungulia. Walichungulia kwa hadubini, ule mtambo mdogo wenye kioo, unaofanya kitu kisichoonekana kionekane. Na kabla ya kuchungulia, walichemsha. Wanachemsha vichupa, wanachemsha visu, wanachemsha hata maji ya kunywa. Tokota, tokota, tokota! Siku moja wakafungasha virago wakaenda zao, wakasahau vitu viwili: hadubini moja na sufuria moja kubwa.

Wanyama wakakusanyika kuvishangaa. Kobe alikuwa amesikia mengi pale kambini, kwa sababu kila alipotaka kuondoka, maneno yalikwisha kabla yeye hajafika popote. Akasema, "Wale watu walikuwa na chama. Chama cha Taifa cha Wachunguza Vijidudu. Na sisi tuwe nacho."

"Vijidudu ndio akina nani?" akauliza Ngiri.

"Ni viumbe wadogo sana wasioonekana."

"Sasa kama hawaonekani, umejuaje kwamba wapo?"

"Ndiyo kazi ya chama hiyo."

"Na wao wamealikwa?"

Kobe akafikiri. Akafikiri tena. "Hilo tutaliandika kwenye mengineyo," akasema, na papo hapo wote wakaona huyu ndiye katibu.

Taifa lenyewe, ili mjue, lilikuwa bwawa moja na vichaka vinne.

Mara, mbuaaa! Maji yakapasuka, Kiboko akatoka. "Hicho chama kina mwenyekiti?"

"Bado, Mzee."

"Sasa kinaye." Akaiokota ile sufuria akaivaa kichwani, ikawa kofia ya uenyekiti. Watu wakapiga makofi. Nimesema watu? Wanyama. Mbona hamnirudishi?

Sasa kuna Sange. Mnamjua Sange? Kale kapanya kenye pua ndefu inayochezacheza, kanakokimbia tik-tik-tik kama kamesahau kitu jikoni. Alikuwa na watoto watatu, na wote watatu walikuwa wanaharisha. Walikuwa wanakunywa maji ya bwawa, na kwenye maji ya bwawa ndimo Kiboko alimolala, ndimo alimoshindia, na ndimo alimofanyia ile haja yake kubwa huku anaipigapiga kwa mkia, para-para-para, ifike kila pembe. Alikuwa mkarimu kwa hilo tu.

Sange alikuwa ameshawachungulia watu wa kambi kwa siku nyingi. Hakujua vijidudu ni nini. Alijua kitu kimoja: wale watu walichemsha maji yao, na hakuna hata mmoja aliyeshikwa tumbo. Akaenda bwawani, tik-tik-tik.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema haraka, nina kazi." Alikuwa amelala.

"Naomba niazime sufuria niwachemshie wanangu maji. Wanaharisha wote, na yule wa mwisho leo hanyanyui kichwa."

"Sufuria hii ni kofia."

"Basi niazime hadubini, tuyaangalie haya maji yana nini."

"Maji nimeshayaangalia. Ni masafi."

"Umeyaangalia kwa hadubini, Mzee?"

"Nimeyaangalia kwa uenyekiti."

Halafu, kwa kuwa aliogopa wanyama wasije kuyachungulia maji yake wakajua yanachafuliwa na nani, akaichukua hadubini akaitia mdomoni. Gubu! Akafunga.

Sange akarudi nyumbani. Akamgusa yule wa mwisho, ngozi imelegea, macho yameingia ndani. Sange akaogopa. Aliogopa mpaka ile pua yake, ambayo tangu azaliwe haijawahi kutulia, ikatulia. Nami hapa huwa naogopa pamoja naye, ingawa najua mwisho. Akasema, "Wewe mwanangu hufi kwa sababu ya kofia ya mtu."

Asubuhi yake ulikuwa mkutano wa katiba. Kila mtu akaja, hakuna aliyejua katiba ni nini. Ngiri alikuja na sahani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapopotea. Kiboko akasema, Kobe akaandika.

"Kifungu cha kwanza: Mwenyekiti ni Kiboko, maisha."

"Kifungu cha pili: kila mwanachama apige kura sawasawa na uzito wake."

"Kifungu cha tatu: hadubini ikae mdomoni mwa Mwenyekiti, isitoke."

"Kifungu cha nne: katiba hii haibadilishwi. Atakayevunja kifungu hata kimoja si mwanachama tena, na atoke bwawani siku hiyohiyo."

"Bibi, juzi ulisema hicho ni cha sita."

Juzi nilikuwa na homa. Ni cha nne. Kaa.

Ngiri akanyoosha mguu. "Mimi sijaelewa. Hadubini ikiwa mdomoni, tutachungulia nini?"

"Mtachungulia mdomo," akasema Kiboko. "Kura!"

Kobe akahesabu kwa uzito. "Waliokubali, Kiboko, kura elfu mbili. Waliokataa, wengine wote, kura mia tatu na kumi na tisa, na Sange robo. Vimepita."

Wanyama wakatazamana. Walikuwa wengi, wakawa wachache, na wao ndio walewale. Kichwa kikawazunguka.

Ndipo Sange akasogea mbele, tik-tik-tik, akainamisha pua. "Mzee Mwenyekiti, katiba yako imekamilika, haina dosari. Mimi sibadilishi kitu, nina kakifungu kamoja tu ka kuongezea heshima. Wale watu wa kambi walikuwa wanachemsha vyombo vyao kwanza, ndipo waanze. Chama kisichochemsha, nani atakiita cha taifa? Tuandike: hadubini ichemshwe kila mkutano unapofunguliwa."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa na sauti, ngrrr, ngrrr. "Kakifungu hako kanapunguza uenyekiti wangu?"

"Hata kidogo, Mzee."

"Kanapunguza kofia?"

"Kofia itakuwa ndiyo chombo cha sherehe."

"Sherehe!" Kiboko akapenda. "Kura!"

Ngiri akakataa kwa sababu hakuelewa. Wengine wakakataa kwa sababu walishazoea kukataa. Sange mwenyewe akakataa.

"Umekikataa kifungu chako?" Kobe akamuuliza.

"Nimeona haya kumpigia Mzee kura ya robo."

"Kiboko elfu mbili," akaandika Kobe. "Kifungu cha tano kimepita."

"Na mkutano wa kwanza ni lini, Katibu?" akauliza Sange.

Kobe hajafungua kinywa, Kiboko amesharuka. "Sasa hivi! Nina hotuba! Ufunguliwe sasa hivi!"

Basi wakawasha moto. Moto waliutoa wapi? Usiniulize, Mwajabu. Wanyama waandike katiba, halafu washindwe kuwasha moto? Kiboko mwenyewe akavua kofia, mwenyewe akaijaza maji, mwenyewe akaiweka juu ya mafiga, maana alikuwa na haraka na hotuba yake. Moto ukashika. Chwaa. Chwachwachwa. Tokota, tokota, tokota!

"Maji yamechemka," akasema Sange. "Mzee, mkutano unafunguliwa. Hadubini ichemshwe."

"Ichemsheni," akasema Kiboko, akaanza kuisukuma kwa ulimi aitoe.

"Ngoja, Mzee," akasema Kobe, akafunua karatasi polepole, maana mwendo mwingine hakuujua. "Kifungu cha tatu. Hadubini isitoke mdomoni."

"Ah. Basi isichemshwe."

"Kifungu cha tano. Ichemshwe."

"Basi tubadilishe."

"Kifungu cha nne. Haibadilishwi. Na atakayevunja hata kimoja atoke bwawani siku hiyohiyo."

Sufuria tu ndiyo iliyosema, tokota, tokota.

"Sijaelewa," akasema Ngiri.

"Mimi pia sijaelewa," akasema Kiboko, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana. "Haitoki, na inachemshwa. Inachemshwa, na haitoki. Sasa inachemshwaje?"

"Palepale ilipo," akasema Sange kwa sauti ya upole kabisa. "Fungua mdomo, Mzee. Tunakumiminia."

Kiboko akaitazama sufuria. Sufuria ikamtazama. Jasho likamtoka, naye hutoka jasho jekundu, kwa hiyo ilionekana vibaya sana.

"Nani aliyepitisha kifungu hiki?" akauliza kwa meno yaliyofungwa.

Kobe akapitia karatasi. "Kura elfu mbili, Mzee. Peke yako."

"NANI?"

Akaachama. Pwa! Hadubini ikaanguka kwenye tope.

"Imetoka!" wakapiga kelele wote. "Imetoka! Kifungu cha tatu!"

Kiboko akataka kukasirika, na akikasirika yule hakuna katiba. Lakini Sange alikuwa ameshapenyeza kijiti chini ya ukingo wa sufuria, akaunyanyua kidogo, na maji kama kijiko hivi yakamrukia Kiboko mguuni.

"Uwiii! Mama yangu! Uwiii!"

Akatimka, kwata-kwata-kwata, mpaka bwawa la pili, la mbali, la wengine. Wanyama wakabaki mdomo wazi. Wengine walidhani hiyo ndiyo hotuba.

Sange hakungoja makofi. Alichota maji kwa kifuu, akayapooza, akakimbia nayo nyumbani, tik-tik-tik, akarudi, akachota, akakimbia. Wakati wenzake wanabishana nani ashike hadubini, yeye anabeba maji. Siku ya kwanza wale wakubwa wawili wakaacha kuharisha. Siku ya pili yule wa mwisho akameza, lakini kichwa bado chini. Sange hakulala wala hakula. Siku ya tatu kichwa kikanyanyuka.

"Mama," akasema, "kuna nini cha kula?"

Sange akalia. Akalia akacheka, na pua ikarudi kuchezacheza kama zamani.

Na chama je? Chama kipo. Kobe aliichukua hadubini akachungulia kwa upande usio wake, akasema anaona kitu kikubwa, cheusi, chenye mkia. Alikuwa ni Ngiri, ameinama anatafuta sahani yake. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba vijidudu ni vikubwa na vina mkia, na mpaka leo haijafutwa.

Wakataka kuchagua mwenyekiti mpya. Haiwezekani. Kifungu cha kwanza kinasema ni Kiboko, maisha, na cha nne kinasema hakibadilishwi. Kwa hiyo chama kina mwenyekiti ambaye si mwanachama na haruhusiwi kufika bwawani. Kila mkutano Kobe anasoma majina, akifika kwake anaandika: Mwenyekiti ameomba udhuru. Halafu wanachemsha hadubini, kwa sababu ni katiba, na maji yakishachemka kila mtu anachota ya watoto wake anakwenda nyumbani. Mkutano unakuwa umekwisha. Nimefagia maabara miaka kumi na moja, sijaona chama kinachofanya kazi vizuri kama hicho.

Nimefika au nimepotea?

"Umefika!"

Basi nishusheni, miguu inauma. Uongo ni wangu, mkia nitauota mimi.

"Na funzo, Bibi?"

Ah, funzo. Andikeni vichwani. Kwanza, mwenyekiti ana haki siku zote, msimuulize maswali. Pili, katiba ni karatasi tu, anayeisoma anajisumbua. Tatu, mkubwa akishasema maji ni masafi, ni masafi, nyie kunyweni tu, kuchemsha ni kupoteza kuni...

Wewe Mwajabu! Weka chini hicho kikombe! Hayo bado hayajachemka!