Taka za Alfajiri

Ndugu zangu, hebu mfuateni mama mmoja niwaonyeshe jambo. Alikaa kijiji cha kando ya ziwa kubwa, ziwa ambalo ng'ambo yake ni nchi nyingine. Siku hiyo furaha ilimbeba juu juu, kwa maana simu ilikuwa imelia: binti yake aliyeolewa ng'ambo amejifungua salama. Mjukuu wa kwanza! Akafungasha unga wa uji na kanga za kumfunga mzazi tumbo, akapanda boti.

Kijijini kwake alikuwa mkali wa usafi. Maji ya sabuni, matumbo ya samaki, nepi, chupa, vyote vilitupwa ziwani alfajiri tu, upepo unapotoka nchi kavu ukavipeleka mbali. Ole wake atakayetupa alasiri, upepo ukirudi. Na zile taka zilizokuja na upepo wa alasiri? Hizo, alisema, ni za wale wachafu wa ng'ambo.

Alipofika alimpokea mjukuu, akaimba, akacheza mpaka kilemba kikadondoka. Kisha akashika ndoo, aende ziwani kuchota, mtoto aogeshwe kwa mkono wa bibi yake. Mama mkwe wa binti akamzuia. Maji yale yalikuwa yamemharisha mtoto wa jirani hata akalazwa, kwa hiyo wao huchota kisimani, mbali kule mlimani.

Bibi akatazama ufukweni. Uchafu ulikuwa umetanda, unanuka.

"Mkwe, usinichukie," akasema, "lakini ziwa mmelifanya jalala."

"Sisi?" Mwenzake akacheka. "Sisi hutupa alfajiri tu, upepo ukitoka. Hizo zinazokuja alasiri ni za kwenu. Nimeona haya kukwambia siku zote, kwa kuwa mmetuozesha binti."

Bibi akaitua ndoo mchangani. Sikilizeni, ndugu zangu. Sheria aliyoipigania miaka yote, huku nako wanayo, vilevile. Na ule mkono uliokuja kumwogesha mtoto ndio uliomchafulia maji kila alfajiri.

"Mkwe," akasema, "jembe lenu liko wapi?"

Kabla hata ya kula wakaanza kuchimba shimo la taka, wakwe wawili, huku bibi simu iko sikioni, akiwaambia watu wa kijijini kwake nao wachimbe. Kufika jioni kijiji cha huku kilikuwa kinachimba, na cha kule kinachimba, na watu wanatambiana kwa simu nani ana shimo refu zaidi.

Je, sisi? Tunamwomba Mungu watoto wenye afya, kisha tunamtumia jirani uchafu wetu na kusema umekwenda. Umekwenda wapi? Ziwa halina uani. Wa upande mmoja akichimba peke yake, atakunywa uchafu wa mwenzake. Basi tukitoka hapa, kila mwenye ndugu ng'ambo ampigie simu. Asianze kwa lawama. Amuulize tu, "Kwenu mnachimba lini, ili nasi tuchimbe siku hiyo hiyo?"