Tuzo Moja, Wabishi Watatu

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi atupishe. Mimi natoa kisa, hukumu ni yenu, na msije kunilaumu.

Walikuwapo watafiti watatu wa chuo kimoja, na kila mmoja alijaliwa ubishi wa namna yake. Nyamizi hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la kwanza. Gwamaka hakuwa mtu wa kuupa uongo jina lake. Siwema hakuwa mtu wa kunyamazishwa, na huyu ndiye nitakayekaa naye karibu, maana yeye ndiye aliyeangukiwa na mzigo mwishoni.

Kazi yao ilihusu wajawazito. Zahanati moja ilikuwa na mfumo wa kuwatumia ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kliniki, lakini kina mama hawaji. Wakubwa wakasema ni uzembe wao. Nyamizi akakataa. Akahamia kijijini, akalima nao, akateka maji nao, huku mganga mfawidhi akimwambia arudi zake mjini, mpaka kina mama wakamweleza: simu ni za waume, na waume hushinda nazo machimboni. Bila Nyamizi, mpaka leo tungekuwa tunawatukana wale mama.

Gwamaka akaubomoa mfumo ule na kuujenga upya. Sasa ukawa unampigia jirani ambaye mama amemchagua mwenyewe, unaongea kwa sauti, na jirani anakwenda kumwambia. Kliniki ikafurika. Hapo ndipo msimamizi wao, Dokta Sanyiwa, ambaye hata jina la kijiji hakulijua, akataka jina lake litangulie kwenye andiko lao la utafiti, kama ilivyo desturi ya chuo. Gwamaka akalifuta, akalituma andiko hivyo hivyo, na kibarua chake cha kufundisha kikaota nyasi. Bila Gwamaka, mfumo mpya usingekuwapo, wala andiko lisingekuwa lao.

Likafika kongamano la kanda la utafiti wa mifumo ya taarifa, pale Mbeya, ambako andiko bora hupewa tuzo, wasomi wa nchi kadhaa wamejaa ukumbini na vitambulisho shingoni. Siwema akapanda jukwaani kuwasilisha. Mwenyekiti akamtazama juu mpaka chini, akasema andiko lisilo na jina la dokta haliwasilishwi hapo, ni desturi.

"Desturi naijua, Mheshimiwa," Siwema akasema. "Naomba unisomee kanuni."

Kanuni haikuwapo. Mwenyekiti akamwambia akae.

"Sikai."

Kipaza sauti kikazimwa. Hasira ikamsimamisha wima. Akawasilisha kwa koo lake mwenyewe mpaka waliokaa nyuma kabisa wakasikia, na maswali ya maprofesa akayajibu moja moja. Bila Siwema, kazi ile ingerudi nyumbani ndani ya begi.

Majaji wakawapa ushindi. Tuzo yenyewe ni nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, kila kitu kimelipwa, ya mtu mmoja tu. Gwamaka hana kazi. Nyamizi hana wa kumsomesha. Siwema ameomba nafasi kama hiyo kila mwaka, na kila mwaka anaambiwa asubiri. Aliitaka mpaka machozi yakamlengalenga.

Mwenyekiti akakiwasha kipaza sauti, akampa Siwema huku anatabasamu. "Mlimkataa mkubwa. Haya, tutajieni mkubwa wenu ni nani, aichukue nafasi hii. Mkishindwa, tuzo inakwenda kwa andiko la pili."

Na andiko la pili lilikuwa la Dokta Sanyiwa, ambaye nafasi hiyo angempa amtakaye.

Siwema akawageukia wenzake. Nyamizi akamwambia, "Sema wewe, tutakubali." Gwamaka naye akaafiki kwa kichwa. Hasira zikampanda Siwema upya, kwa mwenyekiti na kwa nafsi yake pia, kwa kuwa jina la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa lake.

Akakisogeza kipaza sauti.

Haya, jamani. Aliyeutafuta ukweli, aliyeutengenezea njia, au aliyeusimamia mbele za watu? Msiniambie wagawane, haigawanyiki. Wala msiniambie wasuse, maana Sanyiwa amekwisha kusimama, anafunga vifungo vya koti lake. Wewe ungekuwa Siwema, ungetaja jina la nani?