Usufi wa Mketo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mmeisikia methali hiyo, mkauliza imetoka wapi. Haya, tulieni. Aliyeitoa kinywani mara ya kwanza wala hakuwa na hekima. Alikuwa mwanamume mwenye kiburi, jina lake Mketo, akiishi bondeni kando ya mto mkubwa na mkewe Somoe, pamoja na mama yake mzazi, Bi Tatu, aliyeishiwa nguvu za miguu.

Mwaka huo mto ulifura. Wazee wakaagiza: ngoma ikilia, kila nyumba ishike njia ya mlimani kwa miguu. Somoe akafunga kanda lake, mfuko wa ukili, mapema: makopa ya muhogo, chungu kimoja, kibuyu cha maji, nguo ya mkwewe.

Mketo akalifungua. Akatoa makopa yote, akashindilia shoka zake, majembe na jiwe la kunolea.

"Tutakula nini, mume wangu?" Somoe akauliza.

"Mwanamume hafiki ugenini mtupu kama mwombaji. Mlimani hakuna matunda?" Yeye mwenyewe akashika mkuki, eti atalinda njia.

Ngoma ikalia alfajiri. Mketo mbele, anatembea kwa wepesi, mkuki begani. Nyuma Somoe, kanda kichwani alilotwikwa na majirani wawili, mkono mmoja amemshika Bi Tatu. Maji yalikuwa yanapanda kivukoni, pa kuvukia mto kwenda mlimani, na asiyewahi angebaki huku kwenye mafuriko. Mketo akageuka, akapaza sauti majirani wote wasikie:

"Unajikokota nini, wewe mwanamke? Kwani umebeba nini hapo? Si kanda la usufi tu!"

Usufi, ile pamba nyepesi ya kujazia magodoro! Somoe akaendelea kumwongoza mkwewe. Walipofika kivukoni, Bi Tatu akaishiwa nguvu kabisa, akakaa chini. Somoe akatua kanda, akambeba mkwewe mgongoni.

"Mimi nambeba mama yako," akasema. "Wewe chukua usufi."

Mketo akalishika kwa mkono mmoja, kwa madaha. Kanda halikutikisika. Akaweka mkuki chini, akatia mkono wa pili, mishipa ya shingo ikamsimama. Bado.

"Loo! Usufi wa siku hizi!" jirani mmoja akasema, na watu wakacheka huku maji yakipanda. Mketo alitamani ardhi ipasuke immeze. Akatoa vyuma vyake kimoja kimoja, akavitupa mtoni mbele ya macho yao, ndipo akalibeba kanda, akavuka.

Jioni kule mlimani kila nyumba ilipika ilichobeba. Mlima haukuwa na tunda hata moja, na Bi Tatu alikuwa anatetemeka kwa njaa. Ikambidi Mketo azunguke na chungu, akiomba. Mama mmoja akamtilia makopa, akamuuliza kwa upole:

"Utaweza kubeba, baba, au nimwite mkeo?"

Mketo akashika chungu kwa mikono miwili. Akawapelekea mama yake na mkewe, wakala. Yeye akakaa kando, asile, kwa aibu.

Tangu hapo, mtu akiidharau taabu ya mwingine, watu wa bonde lile humwambia: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naye Mketo, mpaka uzeeni, kila alipoisikia aliinamisha uso.