Shemeji wa Kwenye Rada

Someni hii taratibu, kisha mpeni na mwenzenu ambaye watu wanamtegemea.

Katika nchi moja yenye milima kulikuwa na uwanja wa ndege. Mkuu wa waongoza ndege aliitwa Kihwelo, mtu mpole, aliyewachemshia wenzake chai kwa mkono wake. Kazi yao ilikuwa kukaa mnarani na kutazama rada, mashine inayoonyesha kila ndege iliyo angani kama nukta ya mwanga.

Rada ile ikaanza kuugua. Mara kwa mara ilionyesha nukta upande wa milimani, kumbe hapakuwa na ndege. Salha, msaidizi wa Kihwelo, alitaka watoe taarifa.

"Mafundi wataizima wiki nzima, safari zikwame," Kihwelo alisema. "Abiria watatutukana. Tuvumilie tu."

Wakavumilia. Baadaye wakazoea. Mwishowe wakaipa nukta ile jina: Shemeji, kwa kuwa huja bila taarifa na kuondoka bila kuaga.

Alasiri moja ya mawingu mazito, nukta ikatokea tena.

"Bosi, Shemeji huyo!" Salha akacheka.

"Mwambie leo hatukupika," Kihwelo akajibu, naye akacheka. Kisha akairuhusu ndege kubwa iliyojaa abiria ishuke.

Ghafla sauti ya rubani wa ndege ile ikapasuka redioni: "Mnara! Kuna ndege mbele yangu!"

Ndege ndogo ilichomoka mawinguni, ikajipinda kukwepa, ikazunguka juu ya mashamba ya mahindi mpaka ile kubwa ilipotua. Ndipo nayo ikatua.

Muda si mrefu rubani wa ile ndogo, Ndimbo, akapanda ngazi za mnara, shati limelowa jasho. Kihwelo alijiandaa kutukanwa. Alishapanga hata la kujibu.

Ndimbo akavua kofia.

"Nisameheni, wakubwa. Redio yangu ilizimika njiani, sikuweza kuwaita. Nimembeba mama na kichanga chake, wanakwenda hospitali. Mama alikuwa analia kwa hofu. Nikamwambia, nyamaza dada, watu wa mnara wanatuona. Amenituma niwape hizi, anashukuru."

Zilikuwa karanga, zimefungwa kwenye kitambaa. Bila shaka ndicho chakula chake cha safari.

Kihwelo akazipokea kwa mikono miwili. Salha akajifunika uso kwa ushungi.

Ingetosha kusema "karibu", na mambo yangeishia hapo. Lakini Kihwelo hakulisema neno lile.

"Hatustahili hizi," alisema. "Tulikuona, tukacheka. Tulidhani wewe ni uongo wa mashine yetu."

Ndimbo akatazama dirishani, chini kwenye ndege yake. "Sasa yule mama nimwambie nini?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Akashuka. Mama alikuwa anapanda gari la wagonjwa. Kihwelo akamweleza yote, akamrudishia karanga zake, kichwa kimeinama.

Mama akamvuta mwanawe kifuani. "Kwa hiyo, baba, kule juu tulikuwa peke yetu?"

Kihwelo alirudi mnarani, akaizima rada, akatoa taarifa mbele ya wenzake wote. Safari zilikwama, watu wakamtukana, naye hakujitetea. Rada ikatengenezwa. Lakini hata leo, mtu akimshukuru kwa kazi yake, Kihwelo hutazama chini.

Funzo: Kasoro haiponi kwa kuzoewa, anayeizoea ndiye anayepofuka. Afadhali uaibike mapema kwa kusema, kuliko kushukuriwa kwa ulinzi ambao hukuutoa.