Jina Moja kwenye Fomu ya Kalunde

Nipeni masikio mawili, nami nitawapa watu wanne.

Huko Tabora waliishi ndugu wanne waliofiwa na wazazi. Maganga, mkubwa wao, alikuwa na kipawa cha mikono: alichokigusa kilinyooka. Nyamizi, wa pili, alikuwa na kipawa cha jicho: hakuna kilichompita. Mihayo, wa tatu, alikuwa na kipawa cha mwili: tangu azaliwe hajameza hata kidonge cha mafua. Kalunde, kitinda mimba, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Kipawa chake kilikuwa kupendwa. Na kila mmoja wa wale watatu aliamini moyoni kwamba Kalunde anampenda yeye zaidi.

Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Alipofika miaka kumi na saba, madaktari wa hospitali kubwa walisema Kalunde anaweza kupona akipandikizwa uloto, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Ndugu wote walipimwa, na uloto wa Mihayo ndio uliofanana na wake. Mihayo alichomwa sindano siku tano hadi mifupa ikamuuma kama jino bovu. Kisha akaunganishwa na mashine iliyochuja kutoka damu yake mbegu za uloto, nazo akatiliwa Kalunde. Bila Mihayo, Kalunde asingepona.

Nyamizi aliingia na mdogo wake katika chumba cha peke yao, wakakaa humo siku arobaini. Alimshikia beseni alipotapika, akampima joto kila baada ya saa nne, akakijua kila kidonge kwa rangi yake na saa yake. Siku moja shangazi yao alitoka Nzega na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nyamizi akamzuia mlangoni.

"Hayajachemshwa, shangazi."

"Wewe nilikulea kwa maziwa haya haya! Leo yamekuwa sumu?"

Shangazi aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hapokei simu ya Nyamizi. Lakini bila Nyamizi, Kalunde asingetoka hai chumbani mle.

Maganga alibaki kuiandaa nyumba, kwa kuwa mgonjwa ambaye kinga yake bado changa haruhusiwi kurudi penye vumbi, ukungu au mifugo. Alisakafia chumba, akaziba nyufa, akapaka chokaa, akafunga wavu madirishani, kisha akatuma picha hospitali. Sista Bupe, muuguzi wa wodi, alizitazama akampigia simu.

"Hii nyeupe juu ya boriti ni nini?"

"Kinyesi cha njiwa, sista."

"Basi harudi."

Maganga alikuwa amewafuga njiwa wale tangu darasa la tatu, kila mmoja na jina lake. Aliwagawa wote, akavunja banda, akasugua boriti mpaka mikono ikachubuka. Bila Maganga, Kalunde asingekuwa na pa kurudi.

Siku ya kuruhusiwa ilikuwa Ijumaa. Sista Bupe aliwafundisha wote watatu: maji ya kuchemsha, chakula cha moto, barakoa, na homa ikifika nyuzi thelathini na nane ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Akawauliza maswali, wote wakafaulu. Kisha akatoa fomu.

"Kwa siku mia moja, mtu mmoja tu ataishi naye ndani na kula naye. Wengine mtamsalimia dirishani. Niandike nani?"

"Mimi," wakajibu watatu kwa pamoja.

"Tuwe hata wawili, sista," Nyamizi akasihi.

"Wawili leo, watatu kesho, keshokutwa mtaa mzima. Mmoja."

Mihayo akacheka. "Kuna la kuuliza? Damu inayotembea mwilini mwake ni yangu. Siku hizi hata kundi la damu yake ni langu."

"Ulilala hapa siku mbili, ukaenda kula chipsi," Nyamizi akamjibu. "Beseni ulilishika wewe?"

"Uloto huota tena, dada, na usingizi hulipwa," Maganga akasema. "Njiwa wangu nani atawarudisha?"

"Kaka, yaani unamlinganisha Kalunde na njiwa?"

"Nimelinganisha nilichopoteza na mlichopoteza!"

Wakamgeukia Kalunde. "Haya, sema mwenyewe. Unamtaka nani?"

Kalunde alishusha barakoa kidogo, akairudisha. "Miaka yote nimekuwa nikiwaonea wivu nyinyi. Mlikimbia, mimi nikawatazama. Leo mnaoneana wivu kwa ajili yangu. Nikimtaja mmoja, nitapona mimi, wataugua wawili. Sisemi."

Sista Bupe akaweka kalamu mezani. "Daktari wa kutia sahihi fomu hii anaondoka saa kumi. Bila jina, huyu anabaki mpaka Jumatatu. Chumba chake kimeshapewa mwingine, kwa hiyo atalala wodi ya wote, na humo leo wawili wanakohoa."

Wanangu, sasa ni saa kumi kasorobo, na hakuna aliyeishika kalamu. Msiniambie "wote watatu", maana mstari ni mmoja. Msiniambie pia tupige kura ya vijiti, maana kijiti hakijui beseni, wala sindano, wala njiwa.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili watakaosimama dirishani siku mia moja, ungewaambia nini?